Desemba nyumbu hawako Mto Mara: jibu kwa familia ya Mwanza inayopanga kwenda Serengeti

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni familia ya watu 5 hapa Mwanza: mimi, mume wangu, watoto wetu wa miaka 8 na 11, na mama yangu mzazi mwenye miaka 68, ambaye magoti yanamsumbua. Tumedunduliza fedha ili Desemba, shule zikifungwa, twende kuona wanyama. Wakala mmoja ametupangia siku 4 kuanzia Arusha: Tarangire, Ziwa Manyara, kreta ya Ngorongoro, kisha Serengeti "kuona nyumbu wakivuka Mto Mara". Bei ametupa ya jumla tu. Je, ratiba hii inafaa? Na je, tukienda na Noah ya shemeji yangu hatutapunguza gharama?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na nimefurahi kusikia kwamba mama mnaye katika safari hii.

Niseme la msingi kabla hujalipa hata shilingi. Desemba nyumbu hawavuki Mto Mara. Aliyekuandikia hivyo ama hajui, ama amechukua ratiba ya Agosti akabadilisha tarehe. La pili, hifadhi 4 kwa siku 4 ni safari ya kutazama barabara. Na la tatu, ambalo naona hakuna aliyewaambia: ninyi watu wa Mwanza mko karibu na lango la Serengeti kuliko watu wa Arusha. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, mkishapita Magu na Lamadi, kilomita zisizofika 150 kutoka nyumbani kwenu. Kwenda Arusha kwa basi kupitia Shinyanga na Singida kunawala siku nzima, halafu mnaanza kurudi nyuma kuelekea mahali ambapo mlikuwa jirani napo.

Watu wengi hupanga safari ya savana kwa kuchagua kwanza jina la hifadhi. Mimi huwaomba waanze na mwezi. Ukishajua mwezi, uliza wanyama unaowataka huwa wapi mwezi huo, kisha uliza lango lipi liko karibu nao. Hifadhi itajichagua yenyewe.

Tuanze na hao nyumbu, maana ndio waliowapa hamu. Ni zaidi ya milioni 1, wakifuatana na pundamilia wapatao 200,000 na swala kwa maelfu, na mwaka mzima wanazunguka kati ya Serengeti, eneo la Ngorongoro na Maasai Mara upande wa Kenya. Wanachofuata ni mvua na majani. Kule kusini, kati ya Naabi, Ndutu na upande wa Olduvai, udongo umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro. Majani yake ni mafupi, lakini yana madini mengi, hasa kalisi na fosforasi, na jike mwenye mimba au anayenyonyesha anayahitaji kuliko chakula kingine chochote. Tatizo la kusini ni maji: hakuna mto wa kudumu. Mvua zikikatika na vidimbwi vikikauka, hawana budi kuondoka.

Kwa hiyo mzunguko wao, kwa mwaka wa kawaida, uko hivi. Januari hadi Machi wako kusini, na wengi huzaa Februari, ndani ya wiki chache tu. Aprili na Mei wanapanda kupitia Moru na Seronera, katikati ya hifadhi. Mwishoni mwa Mei na Juni kundi kubwa linakuwa magharibi, pande za Kirawira na Mto Grumeti. Kuanzia Julai wanasogea kaskazini, na hadi Oktoba wanahangaika kwenda na kurudi katika Mto Mara, maeneo ya Kogatende na Lamai. Vuli ikianza Novemba, wanashuka tena. Desemba basi wanakuwa wanaingia kwenye zile nyanda za kusini, majike yakiwa na mimba kubwa. Mvua ikiwahi wanawahi, ikichelewa wanachelewa. Mtu akikuahidi tarehe ya nyumbu, anakuahidi tarehe ya mvua.

Mkiwa mnataka kuona nyumbu wakivuka mto hasa, subirini ile likizo fupi ya muhula wa pili, ambayo kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Agosti na Septemba. Wakati huo mnaweza kwenda kaskazini kupitia Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, bila kugusa Arusha. Lakini muwe tayari kwa kinachotokea pale. Nyumbu hufika ukingoni, wakarundikana, vumbi likapanda, mmoja akashuka hadi majini akanusa, kisha kishindo kidogo tu kikawageuza wote mbio kurudi walikotoka. Hilo linaweza kujirudia tangu asubuhi hadi jua linazama wasivuke. Wakivuka, wanamiminika bila kukoma, mamba wakiwa wanangoja kwenye mkondo. Mtoto wa miaka 8 anaweza kukaa ndani ya gari kwa saa 5 akingoja jambo ambalo huenda lisitokee? Wewe ndiye unayemjua. Wapo wanaoweza.

Chaguo lingine ambalo, kwa familia ya Mwanza, mimi ndilo ninalolipenda kuliko yote ni likizo ya Juni. Shule zimefungwa, masika yamekwisha, na nyumbu wako magharibi, yaani upande wenu kabisa. Unaingia Ndabaka asubuhi na kabla ya chakula cha mchana unaweza kuwa katikati yao. Tena huo ndio msimu wao wa kupandana. Kila dume linajitwalia kipande chake cha ardhi, linakimbia huku na huku likizuia majike yasipite, likikoroma mfululizo. Uwanda mzima unanguruma. Mto Grumeti wakati huo mara nyingi umeshakatika na kuwa madimbwi, nao mamba wake ni wakubwa kweli kweli. Wanaotafuta picha ya maelfu wakirukia maji hawaendi huko, ndiyo maana hapajai magari.

Lakini umeniuliza Desemba, nami Desemba siidharau. Majani yamechipua, vumbi limetulia, mwanga baada ya mvua ni safi, na wanyama wakaao Seronera mwaka mzima, simba, chui, tembo, twiga, viboko, hawana habari na kalenda ya nyumbu. Kinachobadilika ni hizo hifadhi nyingine mlizopangiwa. Tarangire hung'ara kiangazi, Julai hadi Oktoba, kwa sababu maji kwingine yamekauka na tembo wanajikusanya kwenye Mto Tarangire. Mvua ikishanyesha, maji yako kila mahali, na wanyama wengi wanatoka kuelekea nyanda za Simanjiro. Kumpeleka mtu Tarangire Desemba kwa bei ya Agosti si haki. Manyara ni nzuri, ila kwenye ratiba yenu imewekwa ya kupitia tu. Kreta ya Ngorongoro peke yake ndiyo isiyojali mwezi: sakafu yake ni kilomita za mraba kama 260, kuta zake zina kimo cha mita 600 hivi, maji yako ndani mwaka mzima, na faru weusi wapo. Ningekuwa na siku 6 ningewapeleka. Kwa siku 4 kutokea Mwanza, iacheni safari hii. Kutoka Seronera kwenda huko na kurudi mtapoteza siku nzima, mtalipa kiingilio cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro juu ya kile cha Serengeti, na gari litatozwa tozo yake ya kushuka kreta.

Kwa hiyo ratiba yangu kwenu ni Serengeti tupu, siku 4, usiku 3.

Siku ya kwanza msikurupuke usiku wa manane. Tokeni Mwanza saa 2 asubuhi mkiwa mmekunywa chai, mwende taratibu, muingie Ndabaka kama saa 5 au 6 mchana. Nina sababu. Kibali cha anayelala ndani ya hifadhi huhesabiwa kwa saa 24 tangu mlipoingia, si kwa tarehe ya kalenda. Ukiingia saa 1 asubuhi kwa vibali vya siku 3, siku ya nne inakulazimu uwe nje kabla ya saa 1 asubuhi, maana yake asubuhi yako ya mwisho imepotea. Ukiingia saa 6 mchana, asubuhi ile ya mwisho ni yako yote, na asubuhi ndiyo yenye wanyama. Fedha ni ile ile, lakini unapata mzunguko mmoja zaidi. Mchana huo wa kwanza mtakata ukanda wa magharibi kuelekea Seronera, nao unataka karibu nusu siku, kwa hiyo msikawie njiani sana: lango na barabara ni za mchana, na kutembea na gari usiku ndani ya hifadhi hakuruhusiwi.

Siku ya pili baki Seronera. Msiende popote. Kando ya Mto Seronera na vijito vyake kumeota migunga na miegea, na hiyo ndiyo sehemu ninayoiamini kuliko nyingine kwa chui. Siku ya tatu ondokeni alfajiri na chakula ndani ya gari mwende kusini, vilima vya miamba vya Simba, kisha Naabi na nyanda zinazofuata, mkitafuta nyumbu wanaoingia. Bakini upande wa Serengeti. Mkivuka kuingia Ndutu mko chini ya mamlaka nyingine na malipo mengine. Pale Naabi kuna kilima cha kupanda na kuona uwanda wote, ingawa mama anaweza kubaki chini kivulini, vyoo viko hapo hapo. Siku ya nne, mzunguko wa asubuhi, kisha mtoke kwa lango la Ikoma, ambalo haliko mbali na Seronera, na kushuka Bunda hadi Mwanza. Msirudi kwa Ndabaka siku hiyo. Saa zenu zitawabana, na kama imenyesha, ule udongo mweusi wa magharibi mtaujua.

Hapo ndipo inapokufa habari ya Noah. Najua inauma, kwa sababu gari la shemeji ni la bure. Udongo wa ukanda wa magharibi ukilowa unanata na kuteleza kama sabuni. Gari lisilo na nguvu kwenye magurudumu yote manne linageuka ubavu na kukaa, na hamruhusiwi kushuka mkasukuma huku simba wakiwa kwenye majani. Zaidi ya hapo, Noah iko chini. Majani ya Desemba yamerefuka, na kwenye kioo cha Noah mtoto ataona majani. Kodini Landcruiser ya utalii yenye paa la kunyanyuka, yenu peke yenu. Ninyi 5 mnaijaza vizuri: kila mmoja ana dirisha, na gharama ikigawanywa haitishi kama ilivyotisha ilipotajwa mara ya kwanza. Kabla ya kulipia gari, nenda ukalione. Lifungue paa. Hesabu spea, ziwe 2. Uliza kama lina redio ya mawasiliano, kwa maana simu inashika vizuri Seronera lakini kwingine inakatika, na redio ndiyo inayomjulisha dereva kwamba kuna duma upande wa pili. Kaa kwenye kila kiti uone kama mkanda unafungika.

Mama mpeni kiti cha mbele, pembeni mwa dereva. Viti vya nyuma kabisa viko juu ya ekseli na ndivyo vinavyorusha, na barabara za changarawe zenye mikwaruzo ya mawimbi zitamchosha mtu mwenye magoti mabovu kuliko mwendo wenyewe. Bebeni kigoda kifupi na imara cha kukanyagia. Landcruiser hizi ziko juu, na kupanda na kushuka mara 8 kwa siku bila kigoda ndiko kutakakomharibia safari, hata kuliko yale mawimbi ya barabara. Aletewe mto mdogo wa kiunoni. Kila mnaposimama sehemu inayoruhusiwa, anyooshe miguu kabla haijakaza. Mwambieni dereva tangu siku ya kwanza kwamba bibi yupo, mwendo uwe wa bibi. Kikomo ndani ya hifadhi ni kilomita 50 kwa saa, na wenye haraka hata hicho hukivunja.

Kuhusu pa kulala, hili ndilo eneo ambalo bei za jumla hufichia mambo. Muulize wakala swali moja: tunalala ndani au nje ya lango? Kulala nje, kwa mfano Robanda karibu na Ikoma au Lamadi upande wa ziwa, ni nafuu, na kuna sehemu nzuri sana. Ila lango hufunguliwa saa 12 asubuhi, na mpaka mkaguliwe vibali na kufika Seronera, saa bora ya siku imekwisha. Ndani, TANAPA, yaani shirika la hifadhi za taifa, ina nyumba za kulala pale Seronera ambazo mwananchi anazimudu, na kuna kambi za umma za hema kama Pimbi na Nyani. Kwa mama ningechukua kitanda. Watoto watawaomba hema, nanyi mkiwakubalia hata usiku mmoja hawatausahau: fisi watalia, na huenda simba akanguruma mbali. Kambi hazina uzio. Chakula kinawekwa ndani ya jiko lililozungushiwa wavu wa chuma, wala si ndani ya hema, hata biskuti. Viatu msiviache nje, fisi hubeba. Haja ya usiku, washa taa ya kichwa kwanza, umulike pande zote kuangalia macho yanayong'aa, na mtoto asitoke peke yake.

Sasa bei. Usikubali namba moja ya jumla. Mwambie aichambue: viingilio vya watu, kiingilio cha gari, malazi, chakula, gari na mafuta, mwongozaji, na kama VAT imo au itaongezwa mwishoni. Utaona mwenyewe kwamba kwa Mtanzania kiingilio si mzigo mkubwa. Sisi raia wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni anayelipa kwa dola. Watoto wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao cha chini zaidi. Mzigo ni gari, mafuta na malazi. Nimeona familia za Kitanzania zikitozwa kana kwamba zimetoka ng'ambo kwa sababu tu hazikuuliza. Viwango vya sasa viko kwenye tovuti ya TANAPA, na gari hutozwa kwa uzito na kwa usajili wake. Beba vitambulisho vya taifa vya watu wazima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu kiwango cha mwananchi hupewa anayethibitisha. Malangoni hawapokei fedha taslimu. Malipo yanafanywa kwa namba maalumu ya malipo, kupitia benki au simu, na ni vizuri yafanyike kabla hamjaondoka Mwanza. Mtake wakala akuoneshe leseni yake ya biashara ya utalii (zamani ikiitwa TALA), nakala ya malipo ya malazi, na jina la mwongozaji. Asiyekuwa na hivyo, mwache. Na kwa kuwa mwisho wa Desemba watu hujaa, malazi ya TANAPA yashikeni mapema, ikiwezekana wiki ya kwanza tu shule zikifungwa badala ya Krismasi.

Mwongozaji ni muhimu kuliko loji. Mkiwa naye mzuri, mtaona zaidi mkiwa mmesimama kuliko wenzenu wanaokimbizana. Niwape machache ili hata ninyi wenyewe mshiriki, watoto hasa. Kundi la swala likiwa limesimama, halili, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja na masikio yamesimama, hapo pana mwindaji. Tazameni wanakotazama wao, siyo wao. Tai wakiwa wanashuka mmoja baada ya mwingine, kuna mzoga na yumkini mwenyewe ameshaondoka. Tai wakiwa wamekaa tu juu ya mti, shingo zimeinama chini, mwenye nyama bado yupo chini yao. Zimeni injini mpekue kila kivuli. Nyani akibweka kwa ukali mtini, angalieni matawi ya jirani. Chui hamtamwona kwa kutafuta chui. Tafuteni tawi nene lililolala, kisha kitu kinachoning'inia wima bila upepo kukitikisa: mkia, au mguu. Sikio likicheza, mmempata.

Watoto wapeni kazi. Mkubwa awe na daftari, mdogo awe na darubini. Wafundisheni kwamba ndama wa tembo anayeweza kupita chini ya tumbo la mama yake kwa kawaida hajatimiza mwaka. Twiga dume lililokomaa mara nyingi lina pembe zenye upara juu, kwa sababu linapigana. Jike lina vishungi vya nywele. Kwa mambo hayo tu mtoto anaweza kukaa na kundi moja la tembo nusu saa nzima bila kuuliza "tunaondoka lini", akihesabu nani mkubwa, nani anamnyonyesha nani, nani amebaki nyuma akiangua matawi. Nusu saa hiyo nawaomba sana msiiache. Ukiangalia tembo dakika 2 umeona tembo. Ukikaa, utaona kiongozi wao, yule jike mzee, akisimama. Na wote wakisimama.

Nina ombi moja la dhati, na nalisema kwa kila ninayemwongoza. Duma huwinda mchana ili kuwakwepa simba na fisi, na anategemea macho yake na uwanda ulio wazi. Magari 15 yakimzunguka, hawezi kuona, hawezi kuwinda, na kama ana watoto watalala njaa. Mkikuta hali hiyo mwambieni dereva asiingie kwenye duara. Madereva wengi huingia kwa kuhofia wageni watalalamika na bahasha ya shukrani ya mwisho itakuwa nyepesi. Wewe mteja ukisema "tusiende karibu, tunaona hapa hapa", umemwondolea hofu hiyo. Vilevile msimwombe atoke nje ya barabara kwa ajili ya picha. Serengeti jambo hilo haliruhusiwi, na alama za magurudumu kwenye majani mafupi hukaa muda mrefu.

Mzigo uwe mdogo. Nguo za rangi ya kaki, kahawia au kijani iliyopauka. Bluu na nyeusi ziacheni, kwa kuwa rangi hizo huwavuta mbung'o, na magharibi mbung'o wapo, wanauma hadi kupenya shati jepesi. Ndiyo maana mtaona mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi imetundikwa mitini. Nguo zenye madoa ya kijeshi msibebe kabisa, nchini kwetu raia haruhusiwi kuzivaa. Asubuhi kuna baridi juu ya gari lililo wazi, kila mtu awe na sweta na mama awe na kanga nzito au blanketi. Dawa za mama zote, na za ziada za siku 2. Maji mengi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, tumieni vikapu. Chandarua na dawa ya mbu kama kawaida, malaria ipo. Darubini, hata ya kuazima, zipatikane 2.

Ukirudi kwa wakala wako, mwandikie hivi: tunataka Serengeti peke yake, tunaingia Ndabaka mchana, tunalala Seronera usiku 3, tunatoka Ikoma siku ya nne kabla ya saa zetu kuisha, gari letu peke yetu lenye paa la kunyanyuka, na bei iliyochambuliwa. Akisema haiwezekani kuanzia Mwanza, tafuteni mwingine hapo hapo Mwanza, wenye magari na leseni wapo. Mama mpe shikamoo yangu.